Boksi la Nguzoni

Wiki iliyopita mliniacha juu ya nguzo, Jumamosi saa mbili asubuhi, nimeikumbatia kwa mikono miwili, na bosi wangu Mohammedtaqi yuko chini anagomba. Msomaji mmoja wa Masasi amenitumia ujumbe kuniuliza kama nimeshashuka. Nimeshuka, ndugu yangu. Ila bora ningebaki kulekule juu.

Kwa anayeanza leo: mimi ni Shafii, mzaliwa wa Mpapura, na mwaka ule wa 2008 nilikuwa fundi wa waya wa kampuni ya Nyota ya Kusini Kebo, hapa Mtwara mjini. Tulikuwa tunapeleka televisheni majumbani kwa waya, chaneli arobaini za dijitali, picha safi isiyo na chenga. Jumamosi hiyo kampuni ilikuwa inazindua intaneti ya kasi kupitia waya uleule. Mgeni rasmi alikuwa anafika ukumbini Shangani saa nne kamili.

Na Jumamosi hiyohiyo, baada ya alasiri, Mzee Bakari alikuwa anajibu posa yangu kwa binti yake Saida. Alishasema mbele za watu: "Mimi natoa binti kwa ntu mwenye kazi ya kampuni. Wa vibarua vya bandarini nimewachoka."

Kwa hiyo mnaelewa. Kazi ikiondoka, na mke anaondoka nayo.

Haya. Shangani nzima ilikuwa imepoteza picha tangu alfajiri.

"Fungua boksi uangalie busta," bosi akaniambia kutoka chini.

Busta ni kisanduku kidogo kinachokaa katikati ya njia ya waya na kuisukuma picha mbele. Bila hiyo, nyumba zote zinazofuata zinaona chenga tu. Na mbele ya uso wangu palikuwa na boksi la chuma, limefungwa kwa kufuli, limeandikwa HATARI USIGUSE kwa mwandiko wangu mwenyewe. Bosi aliamini kwamba busta ya Shangani imo humo.

Haimo. Haijawahi kuwamo hata siku moja.

Leo naungama. Siku niliyotumwa kuifunga jua lilikuwa kali, na kuvuta umeme mpaka kwenye ile nguzo ilikuwa kazi ya siku mbili. Nikapumzika barazani kwa Mzee Fazal, muuza vitambaa wa pale karibu na soko. Mzee akaniambia, "Kijana, kwa nini ujitese? Waya wako unapita juu ya paa langu. Weka kisanduku stoo kwangu, umeme upo. Mimi niunganishie TV bure." Mkewe, Bi Aminabai, akaniletea sahani ya biriani.

Biriani ya Bi Aminabai ukiila, unakubali jambo lolote. Nikafunga busta stoo, nikaripoti kwa bosi kwamba iko nguzoni, na kila Ijumaa nikawa napita kwa Mzee Fazal "kukagua mitambo".

Lile boksi la nguzoni nikaligeuza kabati langu. Ndani nikaweka barua za Helena, msichana niliyekuwa naye kabla ya Saida, kabla hajakwenda kusomea uuguzi. Saida nilimwapia kwamba nimezichoma zote. Sikuzichoma. Zilikuwa barua nzuri, basi, na hakuna mtu mwingine Mtwara nzima aliyekuwa anapanda nguzo ile.

"Fyuzi imeungua, bosi," nikasema bila hata kugusa kufuli. "Naifuata stoo."

"Saa nne, Shafii. Ikifika saa nne na dakika moja hakuna picha, wewe si mtu wangu."

Kwa kusema stoo sikudanganya. Nilishuka, nikapanda baiskeli, nikaelekea stoo. Ya Mzee Fazal.

Sasa, Mzee Fazal alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Nilimzika mimi mwenyewe, nilishika jeneza, na nilisikitika kwa dhati kwa sababu alikuwa mtu mwema. Nilichosahau kukifikiria ni kisanduku changu.

Binti yake, Rizwana, akanipokea mlangoni. "Karibu Shafii. Umekuja kumsalimia mama?"

"Nimekuja kumsalimia, dada, na kuangalia kisanduku changu kule stoo. Dakika tano tu."

Rizwana akanitazama. "Stoo ndiyo chumba cha eda."

Wanawake wa nyumba ile walikichagua chumba kile kwa sababu ni kimya, hakina dirisha la barabarani, na bafu liko ndani kwa ndani. Walitoa majora ya vitambaa, wakaweka kitanda na mswala. Bi Aminabai angekaa humo miezi minne na siku kumi, na mwanaume asiye maharimu wake haingii.

"Hawezi kuhamia chumba kingine kwa muda?" nikauliza.

"Nimtoe mama kwenye eda kwa ajili ya TV za watu? Pazia lile pale, nenda ukamwambie mwenyewe."

Sikuwa na mdomo huo.

"Mwanaume gani anaruhusiwa kuingia?"

"Hapa nyumbani? Kaka Murtaza. Mwanawe wa kiume ndiye huyo mmoja."

"Yuko wapi nimwombe?"

"Kanada."

Nikakaa kwenye kizingiti. Saa ilikuwa mbili na nusu.

"Na wewe dada? Nikikuelekeza kwa maneno tu?"

"Mimi?" Rizwana akarudi nyuma hatua moja. "Shafii, mimi hata balbu sibadilishi."

Nilihitaji mwanamke asiyeogopa waya. Nilikuwa namjua mmoja tu, na huyo ndiye niliyekuwa nimemkosea.

Saida ni fundi cherehani, ana kibaraza chake Chikongola. Wiki mbili kabla ya hapo aliniomba nimfundishe kuunga waya, nami nikacheka mbele ya wateja wake. "Kazi ya waya si ya mikono ya kike," nilimwambia. "Wewe kazi yako ni kunishikia ngazi." Aliendelea kushona. Tangu siku hiyo salamu zake zilikuwa fupi.

Nikampigia simu.

"Saida, nahitaji mikono yako."

"Ipi? Ya kike?"

"Saida, nakuomba. Kazi yangu iko ukingoni, na unajua leo ni siku gani."

"Uko wapi?"

"Barazani kwa marehemu Mzee Fazal."

"Kuna watu hapo?"

Palikuwa na wateja wawili na muuza kahawa. Nikamwambia.

"Basi sema mbele yao kwamba mikono ya Saida inaweza kazi ya waya. Niwasikie wakiitikia."

Wapenzi wasomaji, nilisimama pale nikasema. Muuza kahawa akaniambia nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Akasema, "Amin."

Robo saa baadaye Saida alifika, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Nikampa bisibisi na fyuzi mpya. Akavua viatu, akampa Rizwana mkono wa pole, akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikachuchumaa ukumbini, sikio langu kwenye ukuta.

Nikawasikia wakisalimiana. Kisha nikauliza, "Unaona nini?"

"Kitambaa cheupe."

"Kitoe."

"Nimekitoa. Kisanduku hiki hapa. Taa haiwaki."

"Ni fyuzi hiyo. Kuna skrubu mbili pembeni, anza na ya kulia."

"Subiri kwanza, Shafii. Plagi haiko ukutani. Imechomolewa, na waya wake umekunjwa vizuri ukafungwa kifundo."

"Nani kaichomoa?"

Ikajibu sauti nyingine, ya taratibu, kwa Kiswahili cha Mikindani kilichonyooka kuliko changu.

"Mimi."

Nikamwamkia kupitia pazia. Akaitikia, kisha akaendelea. "Mume wangu alipoondoka tulifunika vioo. Tukazima redio. TV ya sebuleni tukaigeuzia ukutani. Kikabaki hiki kinanguruma na kijicho chake chekundu, wiki tatu, mimi nikidhani ni mambo ya umeme. Jana Rizwana akaniambia TV yote ya Shangani inapita humu. Mwanangu, marehemu hajafika arobaini, na ngoma za watu zinapita kichwani pangu mimi nikiwa kwenye mswala? Leo alfajiri nikakizima, nikakifunika."

Hakukuwa na kilichoharibika. Shangani nzima ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba.

Nikakohoa kidogo, nikatayarisha uongo. Huwa unanijia bila kuitwa. "Mama, hapana, mle hazipiti ngoma. Mle hupita taarifa ya habari, na mawaidha, na..."

"Nyamaza, Shafii," Saida akasema.

Nikanyamaza.

"Mama, zinapita," akamwambia. "Taarabu inapita, mpira unapita, na zile filamu za kupigana ngumi. Na swala ya Maka inapita humuhumu. Chenyewe hakichagui, kila kitu kinapita. Ukisema kibaki kimezimwa, tutaondoka, hatutakulaumu."

Nusura niingie chumba cha eda mwenyewe nimzibe mdomo. Saa ilikuwa tatu na dakika kumi.

Kisha nikamsikia Saida akiuliza kwa upole, "Hii picha ya nani, mama?"

"Murtaza wangu. Hakumzika baba yake. Makaratasi yake ya Kanada hayajakamilika, akitoka hawezi kurudi. Hunipigia simu, analia, nami namsikia tu. Sura yake sijaiona mwaka wa sita huu."

"Basi kuanzia leo na sura inapita humu."

"Sura ipi?"

"Ya Murtaza. Shafii, mweleze. Na useme kweli."

Nikaeleza, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na haja ya kuongeza chumvi. Kwamba intaneti inapita kwenye waya uleule. Kwamba Murtaza akikaa mbele ya kompyuta kule, na mama akaletewa kompyuta hapa, wataonana na kusikilizana, kila mmoja alipo.

Nikamsikia Bi Aminabai akinong'ona peke yake. Nilidhani hakuamini. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya saa.

"Adhuhuri yetu ni alfajiri kwao," akasema. "Huwa anaamkia swala. Leo kabla ya adhuhuri nimwone mwanangu. Na mpaka eda yangu iishe, kisanduku hiki asikiguse mtu ila binti huyu. Mkikubali hayo, chomekeni."

"Tumekubali, mama," nikasema. Mimi kukubali hakujawahi kunishinda, mnanifahamu.

"Taa imewaka," Saida akasema.

Simu yangu ikalia palepale. Ni bosi. "Shangani picha safi. Fyuzi ilikuwa?"

"Fyuzi, bosi."

Uzinduzi ukaenda vizuri. Mgeni rasmi akabonyeza kitufe, ukurasa ukafunguka kabla hajaondoa kidole, ukumbi ukashangilia. Bosi, ndani ya koti lake la sherehe, akanisimamisha mbele ya watu. "Fundi wangu huyu," akasema, "leo asubuhi amepanda nguzo kuokoa shughuli hii." Nikapigiwa makofi. Nikayapokea, na soda nikanywa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikunywa mbili.

Nikageuka, Saida amesimama mlangoni.

"Saa tano na nusu," akasema. "Kompyuta iko wapi?"

"Watu bado wengi. Ngoja kwanza."

"Rizwana ameshampigia kaka yake, yuko macho anangoja. Mama amejitanda kanga yake safi, amekaa mbele ya meza tupu."

"Saida, kompyuta zote ni za bosi. Nikiomba ataniuliza ya nini, na nikisema ya nini atajua busta iko wapi. Kazi itakwenda, na alasiri baba yako anajibu posa."

"Na adhuhuri mama wa watu anamngoja mwanawe. Kipi kinaanza?"

Nikatazama saa ya ukutani. Adhuhuri ndiyo ilikuwa inaanza, hilo hata mimi nililiona.

Nikaenda kwa bosi. Nilimweleza yote nimesimama: jua, stoo, biriani, pazia, plagi. Barua za Helena sikuzitaja. Hazikuulizwa.

Mohammedtaqi hakugomba. Akaweka soda yake mezani. "Fazal alikuwa anakaa pembeni yangu msikitini kila Ijumaa," akasema. Akachukua kompyuta ndogo aliyoitumia mgeni rasmi, akaikunja, akaiweka kwapani. "Twende."

Tukasimama ukumbini mwa nyumba ile, mimi na bosi, mbele ya pazia. Saida akaingia na kompyuta. Nilimwelekeza waya mmoja tu, mengine aliyaona mwenyewe.

Tukasikia mlio wa simu ya kompyuta, mara mbili, mara tatu. Kisha sauti ya mwanaume: "Mama."

Kisha tukasikia Bi Aminabai akilia, na yule wa Kanada naye akilia, na Rizwana, na baadaye hata Saida, ambaye hajawahi kulia mbele yangu. Bosi akavua miwani. Mimi nililia pia, siwafichi. Mwanaume pekee aliyeruhusiwa kuingia chumba kile alikuwa ameingia, kwa waya nilioufunga mahali nisipotumwa.

Baada ya muda Bi Aminabai akaita. "Mohammedtaqi."

"Naam, bibi."

"Kisanduku kisitoke humu."

"Hakitatoka."

"Na fundi wangu ni huyu binti."

"Nimekusikia."

Bosi akanigeukia. Akanyoosha mkono. "Shafii, mkanda."

Nikafungua mkanda wa vifaa kiunoni. Nilitamani anitukane, angalau ningepata cha kujibu. Saida alipotoka na macho mekundu, bosi akamkabidhi mkanda ule pamoja na kishada changu cha funguo.

"Unaanza leo," akamwambia. "Kazi ya kwanza, lile boksi la nguzoni lililokaa bure. Lifungue, lishushe, tutalipeleka mtaa wa Majengo."

Ndugu zangu, boksi lenye barua za Helena! Nilikuwa nimelia sana hata nikalisahau.

Nikazunguka mji mchana kutwa nikitafuta ufunguo wa akiba. Nilikuwa nao mmoja. Nikakumbuka kwamba nilimpa bosi mwenyewe, siku nilipotaka anione mwaminifu.

Alasiri ilipotoka nilikuwa chini ya nguzo. Saida alikuwa ameshafika, suruali ndani ya gauni, mkanda wangu kiunoni, ngazi begani. Na Mzee Bakari yupo, na kofia yake ya swala. Mtwara ni ndogo, habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Shafii, mimi ni ntu wa neno moja. Nilisema natoa binti kwa mwenye kazi ya kampuni. Sasa mwenye kazi ya kampuni ni binti mwenyewe. Hapo neno langu limekwisha. Posa yako kamuulize yeye." Akapunga mkono wa kwaheri, akaenda zake, na nadhani alikuwa anacheka.

Tukabaki wawili. Saida akaegemeza ngazi.

"Liache boksi, nitakushushia mimi," nikasema. "Ni zito."

"Si ulimwambia bosi ni tupu?"

"Ni tupu."

"Tupu na zito." Akatafuta ufunguo kwenye kishada. "Sawa."

"Saida, kabla hujapanda. Posa yangu. Jibu lako ni lipi?"

Akanitazama kwa muda. Macho yake hayakuwa na hasira, na kwa dakika ile nilimpenda hadi kifua kikaniuma.

"Jibu ninalo tangu asubuhi, pale uliposema kweli nyuma ya pazia," akasema. "Nitakupa nikishuka. Nishikie ngazi."

Nikashika ngazi. Ningefanya nini kingine? Akapanda taratibu, hakutetemeka. Nikasikia kufuli linafunguka, na kile kimlango cha chuma kikalia.

Kisha nikasikia karatasi zikipekuliwa.

Karatasi moja ikaanguka, ikayumba hewani, ikatua kwenye kiatu changu. Ya buluu, yenye maua pembeni. Sikuhitaji kuinama kuujua mwandiko.

"Shafii," Saida akaniita kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Naam."

"Usiiachie ngazi. Nasoma."